Somo: Mashine inahama bila kusema kitu: kutafuta hitilafu ya LinuxCNC na kuiongezea kazi zako

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine za kukata kwa kompyuta, ni hili: kazi ya kwanza imetoka safi, ya pili imehama kidogo, ya tatu ni ya kutupa, na kwenye skrini hakuna ujumbe wowote. Mwenye mashine anafungua faili la INI (la mipangilio), anapunguza kasi, anabandika namba aliyoiona mahali, kesho yake hakumbuki tena alianzia wapi. Somo hili ni la mtu huyo. Mfano wangu ni mashine yenye mota za stepa (zinazosogea hatua kwa hatua) zisizo na enkoda (kifaa cha kuripoti mota ilipo), inayoendeshwa kwa poti ya paraleli, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanzia. Wenye kadi ya Mesa, inayotengeneza mapigo ya mota yenyewe, msiondoke, mengi yanawahusu pia.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili. Kwenye mashine ya aina hii kompyuta haiioni mota. Namba za X, Y na Z unazozisoma kwenye skrini zinatoka kwa stepgen, yaani sehemu ya programu inayohesabu mapigo iliyoyatuma. Mota ikikwama, mapigo yanaendelea kuhesabiwa kana kwamba meza imesogea. Kwa hiyo "joint 0 following error" haimaanishi kwamba mota imeshindwa, inamaanisha stepgen ameshindwa kuifuata amri ya mwendo. Na mota ikipoteza hatua hutaambiwa chochote. Ni hitilafu mbili tofauti na tiba zake ni tofauti. Wengi wanaikosea ya pili kwa kuitibu kama ya kwanza.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima.
Mipangilio yako imo ndani ya linuxcnc/configs. Inakili, ipe jina lenye tarehe, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Kama uliitengeneza kwa Stepconf (programu ya kutengenezea mipangilio), kumbuka kwamba ukiirudia Stepconf inayaandika upya mafaili ya INI na HAL (linalounganisha pini na ishara), na ulichoongeza kwa mkono kinafutika. Faili la custom.hal haliguswi. Weka vitu vyako humo.

Hatua ya 2. Pima kompyuta kabla ya kuilaumu mashine.
Funga LinuxCNC, fungua terminali, andika latency-histogram (kipimo cha ucheleweshaji wa kompyuta), uiache saa nzima huku ukiitesa kompyuta: fungua madirisha kadhaa ya glxgears, nakili faili kubwa, sogeza madirisha huku na huku. Namba unayoitafuta ni ile kubwa kabisa, si wastani. Chini ya nanosekunde 20,000, poti ya paraleli itakuendea vizuri. Kati ya 30,000 na 50,000 inafanya kazi, ila kasi itakuwa ndogo. Ikivuka 100,000, usipoteze siku zako kutengeneza mapigo kwa programu, tafuta kadi itakayoyatengeneza yenyewe. Ikivuka milisekunde moja, kompyuta hiyo haifai kabisa kwa kazi hii.

Namba ikiwa mbaya, ingia BIOS uzime hyperthreading na kila kinachohusu kubana matumizi ya umeme. Baada ya hapo jaribu isolcpus kwenye mstari wa kuwashia keneli, ili kiini kimoja cha prosesa kibaki kwa ajili ya kazi za wakati halisi tu.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya mapigo.
Mota ya hatua 200, draiva kwenye mgawanyo wa 8 (kila hatua inagawanywa mara 8): mapigo 1,600 kwa mzunguko. Skrubu inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, basi ni mapigo 320 kwa milimita, na hiyo ndiyo SCALE.

BASE_PERIOD ikiwa nanosekunde 25000, uzi wa base (sehemu ya programu inayojirudia kutuma mapigo) unaamka mara 40,000 kwa sekunde. Pigo la kawaida linahitaji kuamka mara mbili, moja kuwasha pini na moja kuizima, kwa hiyo mwisho wako ni mapigo 20,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 320, unapata milimita 62.5 kwa sekunde. Ukiandika MAX_VELOCITY = 80 umeomba kisichowezekana, na kosa la ufuatiaji (following error) litakuja kila G0 ndefu, yaani mwendo wa haraka. Sasa mtu anageuza draiva kwenye mgawanyo wa 32 akitafuta ulaini: mapigo yanakuwa 1,280 kwa milimita na kasi inashuka hadi milimita 15.6 kwa sekunde. Ndiyo maana mimi siupendi mgawanyo mkubwa kwenye poti ya paraleli.

Kosa likija ilhali hesabu iko sawa, fungua halscope (dirisha la kuchora ishara), weka joint.0.f-error na joint.0.vel-cmd pamoja, kisha soma umbo la mistari. Kosa likipanda wakati kasi bado inaongezeka, tatizo liko kwenye mchapuko: STEPGEN_MAXACCEL iwe juu ya MAX_ACCELERATION, mimi huiacha na nafasi ya asilimia 20 hadi 25. Kosa likianza kasi ikishafika kileleni na kutulia, rudi kwenye hesabu ya mapigo.

Usiikuze FERROR (kiwango cha kosa kinachoruhusiwa) ili ujumbe unyamaze. Huo ndio ujumbe pekee wa kweli ambao mashine isiyo na enkoda inaweza kukupa.

Hatua ya 4. Mashine inayohama kimya.
Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu palinitesa majuma mawili. Mashine yangu ilikuwa inachonga mifuko midogo mingi kwenye bamba la alumini, na kila mfuko ulikaa pembeni kidogo ya uliotangulia, upande uleule siku zote. Nilikaza kapulingi, nikapunguza kasi nusu, nikaongeza ampea za draiva. Hakuna kilichobadilika. Mwishowe nikafunga dayo geji (saa ya kupimia umbali mdogo) kwenye meza, nikaigusisha, nikaiweka sifuri, nikaandika hivi:

G21 G90 G61
o100 repeat [200]
G1 X10 F600
G1 X0
o100 endrepeat
M2

Ilipomaliza, skrini ilisema X0.000 na geji ikasema milimita 1.25. Nikarudia kwa F100: 1.25 tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Mota inayozidiwa nguvu hupoteza hatua nyingi ikienda kasi na chache ikienda taratibu, lakini hii haikujali kasi, ilijali idadi ya migeuko tu. Gawanya 1.25 kwa 200, unapata 0.00625, ambayo ni mapigo mawili kamili ya SCALE 320. Katika kila mzunguko, mashine ilipogeuka, pigo moja lililotakiwa kwenda mbele lilihesabiwa na draiva kama la kurudi nyuma.

Chanzo chake ni pini ya step kuwa kinyume. Draiva inasogeza mota kwenye ukingo mmoja wa pigo, mathalani linapowaka. Pini ikiwa imepinduliwa, ukingo ambao draiva inaufuata ni ule wa mwisho wa pigo, karibu mno na wakati waya wa mwelekeo unapobadilika. Kama kosa lingetokea pande zote mbili za mgeuko yangefutana usione kitu. Lakini optokapla iliyo ndani ya draiva huwaka haraka na kuzima polepole, hivyo kosa linatokea kwenye mgeuko wa aina moja tu, na linajilimbikiza.

Tiba ni mstari mmoja kwenye faili la HAL. Kama una setp parport.0.pin-02-out-invert 1 kwenye pini ya step, uondoe. Kama huna, uweke. Kisha soma karatasi ya draiva na uandike stepgen.0.dirsetup na stepgen.0.dirhold sawasawa na inavyotaka, kwa nanosekunde. Nilipofanya hivyo nikarudia mizunguko 200, sindano ya geji ikarudi juu ya sifuri ikatulia pale. Nilisimama naitazama muda mrefu.

Jaribio hilohilo linakutenganishia hitilafu nyingine. Kosa likikua unapoongeza kasi, mota inazidiwa: punguza mchapuko, angalia volteji. Likiwa lilelile baada ya mizunguko 20 na baada ya 200, skrubu ina nafasi ya kucheza. Likiruka ovyo, leo 0.3 kesho 0.9, shika ufunguo ukakaze kapulingi kabla ya kugusa kibodi.

Hatua ya 5. Swichi zinazojibonyeza.
Spindo (inayozungusha kisu) ikiwashwa na mashine ikalalamika kwamba swichi ya kikomo imeguswa, ni kelele za umeme. Tenganisha nyaya za swichi na zile za inverta (kifaa kinachoendesha spindo), tumia kebo yenye wavu na uuungie ardhini upande mmoja tu. Kichujio cha programu ni cha mwisho, si cha kwanza:

loadrt debounce cfg=1
addf debounce.0 servo-thread
setp debounce.0.delay 5
net mwanzo-x-ghafi parport.0.pin-11-in => debounce.0.0.in
net mwanzo-x debounce.0.0.out => joint.0.home-sw-in

Futa mstari wa zamani uliounganisha pini 11 na swichi, la sivyo utaambiwa pini tayari ina ishara. Uzi wa servo, ule wa mahesabu ya mwendo, ukiwa wa milisekunde 1, kichujio hiki kinachelewesha kama milisekunde 5. Kwa kasi ya milimita 10 kwa sekunde hiyo ni 0.05 mm, kwa milimita 1 ni 0.005. Ndiyo maana HOME_LATCH_VEL, kasi ya kuigusa swichi mara ya mwisho, iwe ndogo.

Hatua ya 6. Kuongeza kitu chako.
Tuseme unataka hewa ya kupuliza vumbi iwashwe na programu ya kukata. Mstari mmoja unatosha:

net hewa motion.digital-out-00 => parport.0.pin-14-out

Sasa M64 P0 inawasha na M65 P0 inazima. Pini ya poti haina nguvu ya kuendesha vali, pitisha kwenye rilei.

Ukitaka kitufe kwenye skrini kwa PyVCP (paneli ya vitufe unayojitengenezea), mistari ya net inayokihusu iweke kwenye faili linalotajwa na POSTGUI_HALFILE. Pini za kitufe hazipo mpaka skrini iwe imeshafunguka, ndiyo maana ukiziweka kwenye HAL ya kawaida programu inagoma kuwaka.

Maswali ya wanachama

*Fundi, habari. Natumia kadi ya Mesa ya mtandao, inafanya kazi saa mbili kisha inasema "error finishing read" na kila kitu kinasimama. Kadi imekufa?*

Nzuri ndugu. Mara nyingi si kadi. Pakiti imechelewa kurudi ndani ya muda wa uzi wa servo. Kebo itoke kadi moja kwa moja hadi kompyuta, isipite kwenye rauta wala swichi ya mtandao, na poti hiyo isifanye kazi nyingine. Kadi ikiwa kwenye 10.10.10.10, ipe kompyuta 10.10.10.1 ya kudumu. Kama chipu ya mtandao ni ya Intel, ongeza hardware-irq-coalesce-rx-usecs 0 chini ya poti hiyo kwenye /etc/network/interfaces. Kisha rudi Hatua ya 2.

*Skrubu yangu inacheza 0.15. Nimeandika BACKLASH = 0.15, vipimo vimekuwa sawa lakini kingo za alumini zina makovu. Kwa nini?*

Kwa sababu BACKLASH inasahihisha mahali, haiishiki meza. Kisu kikikata kwa kufuata mwendo wa meza kinaivuta ndani ya ile nafasi, na hakuna namba ya kuizuia. Kata kwa mwelekeo wa kinyume mpaka utakapobadilisha nati au kuweka skrubu ya gololi. Na ukitumia BACKLASH, ipandishe STEPGEN_MAXACCEL iwe mara moja na nusu hadi mbili ya MAX_ACCELERATION, maana mwendo wa kufidia unaongezwa juu ya ule wa kawaida.

*Nimetoka 2.7 kwenda 2.9, INI yangu haisomeki tena.*

Tangu 2.8 kiungo (joint) na mhimili (axis) vimetenganishwa. Kilichokuwa AXIS_0 sasa kina JOINT_0 na AXIS_X. Programu ya update_ini inakubadilishia, lakini pitia HAL kwa macho yako: pini za axis.0 nyingi zimekuwa joint.0. Ukisoma miongozo ya zamani yenye jina EMC2, ni programu hiihii. Ilizaliwa NIST kule Marekani kwa jina EMC.

*M62 na M64 zina tofauti gani? Nilitumia M62 P0 hewa haikuwaka kabisa.*

M64 inatenda papo hapo. M62 inasubiri mwendo unaofuata uanze, na kama hakuna mwendo baada yake, haitendi. Weka G1 baada yake utaona.

*Kitufe changu cha dharura nimekiunganisha kwenye pini 10 ya poti tu. Kinasimamisha vizuri. Kuna ubaya?*

Upo, na naomba usiendeshe mashine tena kabla hujaurekebisha. Kwa sasa kitufe chako kinaiomba kompyuta isimamishe. Siku kompyuta imeganda hakuna wa kusikia ombi hilo, na spindo inazunguka. Kitufe kikate umeme wa koili ya kontakta inayolisha draiva na spindo, kwa waya, bila programu katikati. Mguso wa pili wa kitufe hichohicho ndio uende pini 10, ili LinuxCNC nayo ijue na iache kutuma mapigo. Ukimaliza, ifunge LinuxCNC kabisa, washa umeme wa mashine, bonyeza kitufe, usikilize kontakta ikiachia.