Kukimbia na Kikundi Bila Kugeuza Kila Jumamosi Kuwa Mashindano

Mtu anayejiunga na kikundi cha mbio cha mtaani hapa Nairobi kwa kawaida hufanya kosa ambalo nami nililifanya kwa miezi mitatu: kila Jumamosi asubuhi hukimbia kwa nguvu zake zote ili asiachwe nyuma, Jumapili hushuka ngazi akishikilia ukuta, na katikati ya wiki hafanyi lolote kwa sababu miguu bado inauma. Katika miezi hiyo muda wangu wa kilomita 5 ulishuka kutoka dakika 39 hadi 38, kisha ukagoma hapo. Nitaeleza nilivyoutoa hapo hadi ukafika dakika 32, kwa utaratibu ambao mtu mwenye kazi ya kutwa anaweza kuufuata bila kocha.

Jambo la kwanza ni kuwa na kipimo kisichobadilika. Chagua njia moja na uirudie kila unapojipima, kwa maana dakika 36 za Msitu wa Karura, wenye vilima na udongo, haziwezi kulinganishwa na dakika 36 za lami tambarare. Karura unafaa kwa kazi hii kwa sababu njia panda zake zina vibao vya nambari, na mtu hapotezi hesabu ya alipoanzia; kiingilio chake, hata hivyo, kiweke kwenye bajeti ya mwezi. Asiyetaka kulipa atafute uwanja wenye njia ya mita 400, ambako mizunguko 12 na nusu hutimiza kilomita 5. Andika matokeo katika daftari pamoja na hali ya njia na saa ulizolala. Msimu wa masika ule udongo mwekundu hunata chini ya viatu hadi mtu akahisi amefungwa matofali miguuni, na mwanzoni nilidhani nimerudi nyuma kimazoezi ilhali nilikuwa nimebeba tope tu.

Jambo la pili, ambalo ndilo gumu zaidi kukubalika, ni kwamba sehemu kubwa ya mbio zako inapaswa kuwa ya polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini kano na mifupa huchelewa, na anayefuata pumzi yake peke yake huumia katika wiki ambazo anajiona ameiva. Isitoshe, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, hivyo mgeni aliyehamia kutoka Mombasa asishangae pumzi ikimkatikia mapema. Ajipe wiki tatu hivi kabla ya kujipima. Wanariadha wa Iten na Kaptagat, ambao kasi yao ya mashindano inajulikana dunia nzima, huanza mbio zao za asubuhi kwa mwendo ambao wengi wetu tungeuonea aibu. Katika kikundi chetu yupo mzee tunayemwita Guka, ambaye siku moja nilipompita kwa pupa kwenye mpando aliniuliza, "Kijana, unakimbizana na nani? Sote tunarudi pale pale tulipoacha mabegi." Tangu siku hiyo nilianza kukimbia kando yake.

Utaratibu wenyewe ni wa siku tatu kwa wiki. Jumanne kimbia dakika 25 hadi 30 kwa mwendo mwepesi. Alhamisi, baada ya kupasha misuli joto kwa dakika kumi, kimbia kwa kasi dakika moja kisha polepole dakika mbili, mara sita. Jumamosi kimbia na kikundi, ukikaa nyuma kwa Jumamosi tatu mfululizo na kuongeza takriban dakika tano kila wiki. Wiki ya nne punguza mazoezi ya Jumanne na Alhamisi hadi nusu, na Jumamosi yake ndiyo ujipime. Ambaye bado hawezi kukimbia dakika 25 mfululizo aanze kwa kubadilishana dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea.

Siku ya kujipima, kilomita ya kwanza ndiyo huharibu zote zinazofuata. Nilipomaliza kwa dakika 38, kilomita zangu zilikuwa 6:20, 7:20, 7:55, 8:15 na 8:10. Wiki nane baadaye nilijizuia kwa makusudi, nikapata 7:15, 7:05, 7:00, 7:00 na 6:45, yaani 35:05. Dakika 32 zilichukua miezi mitano zaidi.

Kuhusu viatu, mitumba ya Gikomba au Toi inatosha, mradi usichague kwa rangi. Bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino: ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekufa hata kama kitambaa cha juu kinang'aa. Kisha weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikwisha kukipinda, nawe utarithi mwendo wake. Barabarani kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, na usisahau kwamba bodaboda huja kutoka upande wowote.

Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya sehemu moja, hasa kwenye muundi au goti, yanayokufanya uchechemee, ni sababu ya kusimama siku hiyo hiyo. Yakidumu zaidi ya wiki, muone daktari.

Mwenye kutaka lengo la mbali zaidi anaweza kulenga mbio za kilomita 10 katika Nairobi Marathon, ambayo ilianza mwaka 2003 na kwa kawaida hufanyika Oktoba. Ili kukadiria muda, zidisha muda wako wa kilomita 5 kwa mbili, kisha ongeza dakika tatu. Mimi nilikadiria 67 nikamaliza kwa 68. Dakika iliyozidi niliiacha kwenye meza ya maji, nilipojaribu kunywa huku nikikimbia, maji yakapita njia ya pumzi, nikasimama kando nikikohoa huku Guka akinipita kwa mwendo wake ule ule.