Namna ya Kuyatambua Maneno ya Kiingereza Yaliyobeba Jiwe

Neno la Kigiriki lithos lina maana ya jiwe, na katika Kiingereza hujitokeza kama lith au litho, liwe mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Ukilikuta, likate neno vipande, kisha ujiulize: ni jiwe gani linalosemwa hapa? Swali hilo lina uzito kuliko kukariri orodha, kwa sababu shina ni lile lile, lakini jiwe lenyewe hubadilika kila fani inapobadilika.

Chukua nephrolithiasis, neno ambalo wengi hulikimbia kabla ya kulimaliza. Nephros ni figo, lith ni jiwe, na iasis huonyesha hali ya ugonjwa. Basi ni ugonjwa wa mawe kwenye figo. Ondoa nephro uweke chole, yaani nyongo, upate cholelithiasis, na maana yake unayo tayari bila kufungua kamusi.

Kwa wanaakiolojia, jiwe ni zana. John Lubbock alipotumia Palaeolithic na Neolithic mwaka 1865, vipande vyenye maana ya kale na mpya havikutaja umri wa mawe, bali vilitenganisha zama za zana zilizochongwa kwa kugongwa na zama za zana zilizosuguliwa zikawa laini. Monolith, jiwe moja zima, na megalith, jiwe kubwa, hayana ugumu wowote.

Lithography linahitaji utulivu zaidi. Alois Senefelder aliibuni mbinu hii ya uchapaji huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1796: aliandika kwa wino wenye mafuta juu ya bamba laini la mawe ya chokaa, akalilowesha maji, na wino wa kuchapia ukashika pale penye mafuta tu. Siku hizi wachapaji wengi hutumia bamba za alumini, ila jina limebaki na jiwe lake.

Ninalolipenda kuliko yote ni lithium. Johan August Arfwedson aliigundua elementi hiyo mwaka 1817 ndani ya madini ya petalaiti, nayo ikapewa jina la jiwe kwa kuwa ilitoka katika jiwe, tofauti na potasiamu iliyojulikana kutokana na majivu ya mimea. Metali yenyewe ni laini, hukatika kwa kisu. Kwa hiyo jina hueleza ilikotoka, wala si ugumu wake.

Jihadhari na maneno yanayofanana kwa sura tu. Lithe, lenye maana ya kunyumbulika, ni la Kiingereza cha kale, na polite limetoka Kilatini. Kipande kinachobaki baada ya kuondoa lith kisipokuwa na maana, tazama kamusi ya asili za maneno.

Kagua pia petra, mwamba, lililomo katika petrify na petroleum, mafuta ya mwamba. Limejificha hata katika parsley, kutoka petroselinon, selinon ikiwa jina la mmea na petra mwamba, ingawa tahajia ya leo imelifunika kabisa.