Namna ya Kumuunganishia Mgeni Kompyuta Mpakato kwenye Wi-Fi ya Nyumbani

Tangu Bunge la Bajeti linapoanza mwezi Aprili hadi linapoahirishwa mwishoni mwa Juni, nyumba yetu ya Ipagala huwa haikosi mgeni aliyekuja Dodoma kikazi, na siku hizi mgeni wa namna hiyo, akishatua begi na kunywa maji, huulizia Wi-Fi. Kumuunganisha si kazi ngumu, ila sehemu yake kubwa ni ya mwenyeji, na huanza kabla kompyuta ya mgeni haijafunguliwa.

Anza na ruta yako. Umeme ukiwa umekatika na kurudi, isubiri dakika chache hadi taa zake zitulie. Kama ni ya kutumia laini ya simu, angalia bando lililobaki, kwa sababu hakuna aibu kama ya kumpa mgeni nenosiri kwa mbwembwe kisha ukurasa usifunguke. Jina la mtandao na nenosiri la kiwandani huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta, ambayo kwa vumbi letu la kiangazi huenda ukalazimika kuipangusa ndipo isomeke; lakini ikiwa uliwahi kulibadilisha nenosiri hilo, karatasi hiyo haina kazi tena. Ruta nyingi pia zina nafasi ya kuwasha mtandao wa wageni, wenye jina na nenosiri lake. Nashauri uuwashe, maana mgeni atapata intaneti bila kujua nenosiri la familia.

Sasa mwachie mgeni kompyuta yake aishike mwenyewe, nawe umwelekeze. Kwenye Windows, abofye alama ya mtandao iliyo pembe ya chini kulia, karibu na saa. Alama hiyo huonekana kama mistari iliyopinda, au kama tufe la dunia ikiwa kompyuta haijaunganishwa. Kwenye Mac, alama iko juu upande wa kulia. Orodha ya mitandao itafunguka, naye achague jina la mtandao wako, abonyeze kitufe cha kuunganisha na kuandika nenosiri. Akiulizwa iwapo kompyuta yake ionekane kwa vifaa vingine vya mtandao huo, akatae.

Kwenye nenosiri ndipo watu wengi wanapokwama. Mwaka fulani mjomba wangu alifika kutoka Singida akiwa na ripoti ya kutuma jioni hiyo hiyo, nami nikamwandikia nenosiri kwenye kipande cha bahasha. Akajaribu mara nne, ikakataa. Mara ya tano akavua miwani, akaisogeza bahasha kwenye taa, akaniuliza kwa upole, "Mjomba, hii ni sifuri au ni O?" Ilikuwa sifuri, niliyoichora ikiwa na tumbo kubwa. Nenosiri la Wi-Fi hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na huwa na herufi zisizopungua 8, kwa hiyo kosa moja tu linatosha kulikataa. Mwambie mgeni abonyeze alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku ili aone anachoandika, na ahakikishe kitufe cha herufi kubwa hakijawashwa. Tangu siku ile mimi huandika sifuri na kuikata kwa mstari.

Jina la mtandao wako lisipoonekana kabisa, angalia kwanza kama kompyuta imewekwa kwenye hali ya ndege, au kama ina swichi ya Wi-Fi iliyozimwa. Kompyuta za zamani huwa nayo ubavuni. Jambo la pili ni masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba Wi-Fi. Ruta nyingi za sasa hutoa GHz 2.4 na GHz 5: hayo ya 5 yana kasi zaidi lakini hupungua nguvu upesi yanapopita kwenye kuta, nazo kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo wa kuyaona. Chumba cha mgeni kikiwa mwisho wa korido, nyuma ya kuta mbili tatu za tofali, mchagulie 2.4.

Ikiwa imeunganishwa lakini kurasa zinakataa kwa onyo la usalama, tazama tarehe ya kompyuta. Iliyokaa kabatini muda mrefu inaweza kudhani bado ni miaka kadhaa iliyopita, na tovuti nyingi zitaikataa hadi tarehe irekebishwe.

Usisahau bando. Windows hupakua masasisho kimyakimya, na huduma za kuhifadhi mafaili mtandaoni huanza kupandisha picha mara tu zinapoonja intaneti. Mwombe mgeni, kwa lugha ya kiungwana, afungue mipangilio ya mtandao huo na kuuweka kama mtandao wa kulipia kwa kipimo (kwa Kiingereza "metered connection"), ili Windows ipunguze upakuaji huo. Kwenye Mac kuna hali ya kutumia data kidogo. Mgeni mstaarabu hatakasirika, hasa ukimweleza kwamba ni bando lile lile watoto wanalofanyia kazi za shule.

Akishaondoka, badilisha nenosiri la mtandao wa wageni peke yake, na simu za nyumbani pamoja na televisheni zitaendelea kama kawaida.