Cheti cha Fairtrade kwa chama cha kahawa: mtangulizeni mnunuzi

Vyama vingi vya ushirika vinavyotaka cheti cha Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki kwa wakulima, hukimbilia fomu ya maombi. Anzeni na mnunuzi, kwa sababu cheti hakiuzi kahawa. Ziada ya Fairtrade, yaani fedha juu ya bei ya kahawa, hulipwa kwa kilo zilizouzwa kwa masharti ya Fairtrade pekee. Zilizopita mnadani kama kahawa ya kawaida hazina ziada, hata cheti kikining'inia ofisini.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu. Tangu Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 za Marekani kwa ratili (gramu 454 hivi), kahawa ikiwa imeshapakiwa melini, na ziada ni senti 20 kwa ratili. Mnada wa Nairobi hutaja bei kwa gunia la kilo 50, kwa hiyo dola 1.80 kwa ratili ni kama dola 198 kwa gunia. Msizilinganishe hivi hivi: bei ya melini imebeba pia gharama za kukoboa na kusafirisha hadi Mombasa. Soko likipanda juu ya hapo, mnalipwa bei ya soko. Kahawa nzuri ya Kenya huvuka kiwango hicho mara nyingi, basi faida ya kutegemea kila msimu ni ile ziada.

Kontena ya magunia 320 ya kilo 60 ina ratili 42,300 hivi. Ziada yake ni kama dola 8,460. Kwa kuwa kilo 7 hivi za cheri (matunda ya kahawa yaliyoiva) hutoa kilo 1 ya kahawa safi, hiyo ni takriban senti 6 za dola kwa kila kilo ya cheri. Mnunuzi wa magunia 40 tu ataleta dola 1,058, na ada za ukaguzi zaweza kuzimeza zote. Hapo ngojeni, au tafuteni mnunuzi mwingine.

Hatua ya 2: Fuateni njia ya gunia. Kahawa ya Fairtrade haichanganywi na nyingine. Mwulizeni mwenye kinu kama atakoboa na kuhifadhi mzigo wenu peke yake, na dalali kama anayesafirisha nje naye ana cheti. Mkataba wa mauzo ya moja kwa moja ni salama kuliko kutumaini bahati mnadani.

Hatua ya 3: Safisheni daftari la wanachama. Hapa ndipo wengi hukwama. Andikeni jina, nambari ya kitambulisho, ukubwa wa shamba, idadi ya miche, makadirio ya mavuno na alama ya GPS. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023/1115, inayopinga ukataji wa misitu, inadai alama hiyo pia, na kwa shamba linalozidi hekta 4, mipaka yote.

Mkaguzi huchukua risiti ya mizani kiwandani, akatafuta nambari yake daftarini, kisha akaenda shambani. Miche 150 iliyoleta kilo 3,000 za cheri ni kilo 20 kwa mche: ataamini kuna kahawa ya jirani ndani yake. Tatizo la kawaida zaidi ni mama aliyefariki huku mwanawe akiendelea kupeleka kahawa kwa nambari yake. Badilisheni majina kabla ya msimu.

Hatua ya 4: Mkutano mkuu upange ziada. Matumizi huamuliwa na wanachama, si kamati, na muhtasari uonyeshe waliohudhuria na walivyopiga kura. Kati ya zile senti 20, angalau 5 ziende kwenye tija na ubora: miche, vitanda vya kuanikia, mafunzo. Hesabu za ziada ziwekwe mbali na malipo ya cheri.

Hatua ya 5: Dawa na watoto. Linganisheni dawa za duka la chama na orodha ya Fairtrade ya vitu hatari. Zilizo kwenye orodha nyekundu haziruhusiwi. Aliye chini ya miaka 15 haajiriwi, na aliye chini ya 18 hanyunyizi dawa.

Hatua ya 6: Ombeni. Maombi hupelekwa FLOCERT, shirika linalokagua na kutoa cheti cha Fairtrade, lenye makao Bonn, Ujerumani. Fairtrade Africa, yenye makao yake Nairobi, husaidia wazalishaji kujiandaa. Itumieni kabla ya kulipa chochote. Mkaguzi atasoma vitabu, atahoji wanachama bila kamati kuwepo, kisha atasoma dosari alizoziona. Zijibuni kwa ushahidi ndani ya muda mliopewa: muhtasari uliotiwa saini, daftari lililosahihishwa, picha ya stoo ya dawa ikiwa na kufuli. Barua ya kusema "tumerekebisha" hairudishi faili lenu mezani.