Buldogi wa Kushika Nguruwe: Yupi Anafaa, Yupi Umwache Kwenye Kochi

Vijana huniletea video ileile kwenye simu. Kichaka cha Texas, usiku, watu wenye taa kichwani, na mbwa mweupe mwenye kifua kipana amelishika sikio la nguruwe mkubwa mara mbili yake, kimya kabisa. "Mama Bosco, nitafutie huyu." Bosco ni mbwa, kabla hujauliza, huku Ruai, Nairobi, jina likishakunasa limekunasa, na wanangu wa kuzaa hawalipendi hata kidogo. Kazi yangu ni kufunza mbwa wa ulinzi, na buldogi wa kila namna wamepita mikononi mwangu.

Tumalize la sheria kwanza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Ngiri unayemwona akikata nyasi upande wa Rongai analindwa na sheria hiyo. Ukimwachilia mbwa, wewe ni jangili, hata kama alikuwa anachimbua viazi vyako; waite KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Halafu ngiri si mchezo. Huingia shimoni kinyumenyume, chonge zikabaki mlangoni. Mbwa anayemfuata ndani anapokelewa usoni.

Marekani mambo ni tofauti kwa sababu wale si wanyamapori wa asili. Hernando de Soto alishuka Florida na nguruwe wake mwaka 1539, na nguruwe wa kufugwa wamekuwa wakitorokea msituni tangu enzi hizo. Baadaye wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya. Leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 6, na wanalima mashamba ya watu usiku kucha. Ndiyo maana tangu 2019 Texas haidai leseni kumwinda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenyewe ameruhusu.

Jambo ambalo video haionyeshi ni mbwa waliotangulia. Buldogi hatumwi kutafuta. Wanaotafuta ni mbwa wepesi wenye pua na sauti, kama Catahoula na Black Mouth Cur, wanaomzunguka nguruwe na kumbwekea asitoke. Muda huo wote buldogi yuko kwenye kamba, ameshikwa na mtu, amevaa fulana nene ya kinga na mkanda mpana shingoni, maana chonge za dume hupasua kifua na koo. Nguruwe akishasimamishwa, ndipo kamba inafunguliwa. Anakwenda moja kwa moja, anashika sikio au shavu, na anang'ang'ania hapo mpaka watu wafike wamkamate nguruwe miguu ya nyuma. Kumbandua mbwa, wanapitisha kijiti cha mbao nyuma ya magego na kukizungusha.

Kwa hiyo mbwa huyu akimbie kwa nguvu, ashike, na bado avute pumzi kwa pua huku mdomo umejaa. Hapo kwenye pua ndipo buldogi wengi wanapofeli.

Wa kwanza kufeli ni buldogi wa Kiingereza. Mababu zake walishika mafahali kweli, viwanjani Uingereza, mpaka mchezo ule ukapigwa marufuku mwaka 1835. Baada ya hapo watu walimzalisha kwa ajili ya sura: pua ikafupishwa, kaakaa likabaki refu la kuziba koo, kichwa kikawa kikubwa hata majike wengi huzalishwa kwa upasuaji. Mpandishe ngazi za ghorofa ya tatu Donholm saa saba mchana mwezi wa Februari, kisha uniambie kama huyo ni wa kufukuza kitu. Ni mbwa mzuri wa kochi na watoto. Wale wadogo wa Kifaransa wa Kileleshwa, kuwaingiza kwenye habari za nguruwe ni kuwaonea.

Anayefanya kazi hasa ni buldogi wa Kimarekani, mbwa wa mashamba ya kusini. Alikuwa karibu kupotea mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambapo watu kama John D. Johnson wa Georgia na Alan Scott walianza kukusanya waliosalia. United Kennel Club, chama cha Marekani cha kusajili mbwa, ilimtambua mwaka 1999. Hao wawili waliacha koo mbili, na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Wa Johnson ni mzito, mdomo mfupi, ngozi imejikunja, taya la chini limetokeza; akisimama getini anatisha. Wa Scott ni mwembamba kidogo, mdomo mrefu, miguu ya kukimbia. Wengi wanaouzwa sasa ni mchanganyiko wa hao wawili, basi usisome karatasi tu, soma pua na miguu. Madume huwa kilo 34 hadi 50 na ushei, na kila kijana hutaka yule wa 50. Uzito mwingi ni mzigo: mbwa mzito anachoka kabla hajafika, na akirushwa na nguruwe anaanguka vibaya. Mkulima wa Georgia angeniuliza, ningemwambia atafute jike wa ukoo wa Scott, kilo 30 hadi 38, basi.

Olde English Bulldogge ni jaribio la David Leavitt wa Pennsylvania, aliyeanza mwaka 1971 kumrudishia buldogi pumzi zake: nusu ni buldogi wa Kiingereza, nusu nyingine ni bullmastiff, pit bull na buldogi wa Kimarekani. Ni mbwa wa kupendeza, ana afya kuliko babu yake, lakini vizazi vinatofautiana mno. Mmoja anakimbia, ndugu yake wa tumbo moja anakoroma. Alapaha, buldogi wa kusini mwa Georgia, ni mwepesi na ana moyo, ila ni adimu hata kwao. Ukiambiwa yuko Nairobi, omba kuona wazazi kwanza ndipo uamini. Dogo Argentino, mweupe vilevile, alitengenezwa Córdoba, Argentina, kwa ajili ya nguruwe mwitu, na kwa kazi hiyo anawazidi buldogi wengi. Ila si mbwa wa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza.

Sasa umefika kwa muuzaji. Nenda mchana wa jua kali, usiende asubuhi. Tazama matundu ya pua: yawe wazi na duara, yasiwe kama ufa wa mlango. Mwombe muuzaji amchezeshe mbwa mpira dakika kumi, kisha kaa kimya usikilize. Kuhema ni sawa. Kukoroma akiwa macho, au pumzi isiyotulia hata baada ya kivuli na maji, si sawa. Inua mdomo wa juu uone ufizi. Uwe wa waridi. Ukigeuka zambarau, mrudishe kivulini, shukuru, ondoka. Ukiwa hapo mdomoni, angalia kama chonge za chini hazichomi kaakaa. Kisha simama nyuma yake akikimbia. Akitupa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja badala ya kuipishanisha, shuku nyonga. Kwa mbwa mkubwa omba picha za eksirei za nyonga za baba na mama, zilizopigwa wakishatimiza miaka miwili. Na kwa buldogi wa Kimarekani uliza kipimo cha vinasaba cha ugonjwa uitwao NCL, unaoharibu ubongo. Mbwa huanza kuyumba akiwa na mwaka mmoja hadi mitatu, ukiwa umeshampenda na umeshamlisha.

Akili nayo ipimwe. Angusha bakuli la bati nyuma yake. Kushtuka si kosa. Ninachotaka ni arudi kulinusa. Mlete karibu na mbwa mwingine aliyefungwa. Watu hudhani mbwa wa nguruwe lazima awe mkali kwa kila kiumbe, kumbe huko Texas anayegombana na wenzake wanaobweka hamalizi msimu, anauzwa. Vivyo hivyo anayemnungunikia mtu, kwa sababu ni mtu atakayekuja gizani kumfungua taya.

Sasa wewe wa Ruai, Kitengela au Utawala unayetaka wa video. Yule alizalishwa kizazi baada ya kizazi afike kimya, ashike, asiachie. Kwenye ploti unataka sauti itangulie meno. Mwizi akisikia mbwa anabweka anakwenda kutafuta ukuta mwingine. Ila kijana wa bodaboda aliyeleta gesi, au mtoto wa jirani aliyefuata mpira, hatasikia kitu mpaka ameshikwa. Na bili ya hospitali itakuja kwako, pamoja na polisi.

Dawa yake naitumia nyumbani kwangu, na ni mpangilio uleule wa Texas bila nguruwe. Nina kienyeji mwenye masikio ya kusikia kufuli likiguswa nyumba ya tatu. Yeye ndiye sauti. Nyuma yake anasimama buldogi, na kumwona tu kunatosha. Kienyeji umpate bure au kwa bei ya chai. Buldogi ajue neno "acha" kabla hajafikisha miezi sita, kwa kubadilishana kamba na kipande cha maini, kila siku, mpaka aachie bila kuvutana. Asiyeachia kamba akiwa mdogo hataachia suruali ya mtu akiwa na kilo 40.

Gharama usizipuuze. Kupe wa Nairobi huleta homa inayoua mbwa wa bei kubwa kwa urahisi kuliko wa kienyeji, kwa hiyo dawa ya kupe ni ya mwaka mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Ugali na omena ni sawa ukiongeza nyama au matumbo, lakini asinenepe. Mbavu ziguswe kwa vidole bila kuzitafuta.

Wale papi wanaoinuliwa kwenye dirisha la gari katikati ya foleni, pandisha kioo. Hujui mama yao, hujui chanjo, na parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hujitokeza ukishafika nyumbani. Nunua palipo na mama unayeweza kumshika kichwa, na andikishaneni kwamba utampeleka kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa ndani ya siku tatu, na pesa zirudi akikutwa na tatizo. Muuzaji mwaminifu atasaini bila maneno. Wengine watakuambia, "Mama, si tunaaminiana?" Hapo tafuta matatu ya kurudi mjini.