Namna ya Kuzalisha Kaboni Nitridi kwa Kilo kwa Ajili ya Haidrojeni ya Jua

Kaboni nitridi ni unga wa kaboni na naitrojeni unaotumia mwanga wa jua kusaidia kutoa haidrojeni kwenye maji. Gramu 5 zake hupatikana kwa urahisi katika tanuri la maabara. Ugumu huanza pale unapotaka kilo 5 zenye ubora uleule, kwa sababu kinachobadilika ni mwendo wa joto na gesi ndani ya chombo, ilhali kemia yake ni ileile.

Anza kwa kuchagua malighafi. Melamini (poda nyeupe yenye naitrojeni nyingi) hukupa takribani nusu ya uzito ulioweka, lakini chembe zake huwa nene. Yurea huacha asilimia chache tu, ila unga wake ni mwepesi na una eneo kubwa la uso. Kwa uzalishaji mkubwa ningeanza na melamini, kisha nichambue tabaka zake baadaye.

Tandaza malighafi katika sinia pana za kauri zenye vifuniko, kwa kina kilekile ulichotumia katika jaribio dogo. Usirundike kilo nzima katika chungu kimoja: pembeni patapita kiwango kabla katikati hapajaiva. Pandisha joto polepole, nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi kwa dakika, hadi 550, ulishikilie kwa saa 4. Ukizidi sana 600, unga huanza kuvunjika kikemikali na mavuno hupungua. Amonia inayotoka ipitishwe kwenye maji yenye asidi, na bomba lake libaki na joto hadi hapo, kwani mvuke wa malighafi unaotoka pamoja nayo ukipoa njiani huganda na kuliziba (kosa hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa).

Saga unga, uutandaze kwa tabaka jembamba, kisha uupashe tena moto hewani kwa nyuzi 500 hivi ili tabaka zichambuke. Sehemu kubwa ya uzito itapotea. Iweke katika hesabu ya gharama tangu mwanzo.

Pima kila mkupuo, si wa kwanza pekee. Mpindo wa eksirei (XRD, kipimo cha mpangilio wa atomi), kwa chanzo cha shaba, uonyeshe kilele karibu na nyuzi 27.4 za pembe, na ufyonzaji wa mwanga ukome karibu na nanomita 460. Jaribio la haidrojeni, kwa platini kidogo kama kichocheo na trietanolamini (kemikali inayotoa elektroni kwa urahisi), linafaa kulinganisha mikupuo tu: humo trietanolamini ndiyo inayooksidishwa badala ya maji, hivyo matokeo yake hayathibitishi kwamba unga wako unapasua maji. Pitisha naitrojeni ndani ya chombo kabla ya kuwasha taa, maana haidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 ya hewa.