Kabla hujasaini kazi Lubumbashi

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, ndugu wa Mbeya, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanauliza swali lilelile: si sasa tuko jumuiya moja? Basi nikishuka Lubumbashi naanza kazi tu? Hapana. Na anayekuambia ndiyo, mara nyingi ni dalali anayeitaka nauli yako.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inasema katika ibara ya 10 kwamba mfanyakazi wa nchi mwanachama anaweza kutafuta na kufanya kazi katika nchi nyingine. Lakini ahadi hiyo inatekelezwa hatua kwa hatua. Nchi zilizoisaini mwanzoni zilipanga kwenye jedwali aina za kazi zitakazowafungulia wageni, na kazi za serikali haziingii humo isipokuwa sheria ya nchi iruhusu. Anayepewa kazi ya zaidi ya siku 90 bado anatakiwa kuomba kibali. Kwa hiyo, kwa mtu anayetua leo uwanja wa ndege wa Luano au anayevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kwa basi, sheria inayomgusa kwanza ni ya Kongo yenyewe, na hiyo inalinda kazi za wananchi tangu amri ya mwaka 1974.

Kwa vitendo ni hivi. Mwajiri ndiye anayekuombea kadi ya kazi ya mgeni kwenye tume ya taifa inayoshughulikia ajira za wageni, na idadi ya wageni anaoruhusiwa kuwaajiri ina kikomo. Kadi hiyo inakufunga kwake. Ukihamia kwa mwajiri mwingine, shughuli inaanza upya. Baada ya kadi ndipo inakuja viza ya kazi, ambayo iko mikononi mwa idara ya uhamiaji, DGM. Viza ya matembezi haigeuki kuwa ya kazi kwa sababu bosi amekuzoea. Akikwambia "anza kwanza, karatasi zitafuata", mwombe risiti ya maombi ya kadi yenye jina lako. Kama hana, usianze.

Wanaotaka kuja kuuza vitu rejareja wajue kwamba biashara ndogo imetengwa kwa Wakongo kwa sheria ya mwaka 1979. Meza sokoni kwa jina la rafiki inaweza kuchukuliwa siku yoyote, na huna pa kulalamikia. Na wanaofikiria kampuni ya kuhudumia migodi, sheria ya 2017 inataka ukandarasi mdogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazigawa kwa kampuni nyingine, uwe wa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongo.

Hayo ndiyo magumu. Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na kwa kutolijua tunaonewa bure.

Sheria ya Kazi ya Kongo, ile ya 16 Oktoba 2002, inamhusu kila mfanyakazi na kila mwajiri bila kujali uraia, mradi kazi inafanyika ndani ya Kongo. Hata kama ulisaini Nairobi, hata kama kampuni ni ya kigeni na mshahara unapitia benki ya Dar es Salaam, kazi yako ikiwa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, sheria hiyo inakufunika. Nimesikia mara nyingi mameneja wakiwaambia vijana wetu kwamba "wewe si Mkongo, haikuhusu". Si kweli, na inauma kuona mtu mzima mwenye ufundi wake akiinamisha kichwa kwa maneno hayo.

Sheria hiyo inataka mkataba uandikwe. Usipoandikwa, unahesabiwa kuwa hauna ukomo, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6, na kwa kibarua asiye na ufundi maalumu ni mwezi 1. Mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka 2. Lakini ukiwa umeoa au umeolewa na familia umeiacha nyumbani, hauzidi mwaka 1. Kifungu hicho ni kama kilitungwa kwa ajili yetu. Wiki ya kazi ni saa 45, siku haizidi saa 9. Saa 6 za kwanza za ziada katika wiki zinalipwa kwa nyongeza ya asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na siku yako ya mapumziko ya wiki asilimia 100. Mafundi mitambo wa barabara ya Kolwezi wanaofanya kazi saa 12 kwa siku wapige hesabu hiyo wenyewe.

Mkataba utaletwa kwa Kifaransa. Usisaini siku hiyohiyo. Mtafute mtu asiyelipwa na kampuni akusomee: mwalimu, wakili, hata mama mwenye nyumba kama amesoma. Angalia mshahara umeandikwa kwa dola au kwa franka, nani analipa nauli ya kuja na ya kurudi, na tarehe ya kuanza.

Mshahara usipolipwa, mlango wa kwanza ni mkaguzi wa kazi, ambaye anawaita pande zote mbili ili mpatane. Bila kupita kwake, mahakama ya kazi haikupokei. Na hapa naomba msomaji akae makini: madai ya mshahara yanakufa mwaka 1 baada ya tarehe uliyostahili kulipwa. Madai ya nauli ya kurudi yanakufa miaka 2 baada ya mkataba kuvunjika. Watu wanavumilia kwa sababu bosi ni mtu wa kwao, wanamwita kaka, wanaahidiwa mwezi ujao na mwezi ujao, na mwaka unapita. Peleka dai lako kwa maandishi mapema, na nakala yake ibaki kwako.

Kuumia kazini kuna ulinzi wa zamani kuliko hata Jumuiya. Mkataba Namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia kuwapa wageni wa nchi nyingine zilizouridhia fidia sawa na raia. Kongo imeuridhia, na pia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia. Ukiumia, hakikisha mwajiri ameiarifu CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kongo, na uchukue nakala ya taarifa hiyo pamoja na karatasi ya daktari kabla hujasafirishwa kurudi nyumbani.

Pensheni ndiyo donda. Kwa kila mshahara unaotangazwa, CNSS inachukua asilimia 18: mwajiri 13, wewe 5. Nyumbani uliacha michango yako NSSF, na mifuko hiyo miwili bado haijaunganishwa ili miaka ya huku ihesabiwe na ya kule. Itifaki iliahidi kanuni za hifadhi ya jamii, na nchi za Maziwa Makuu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi, zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo hilo tangu miaka ya 1970, kwa hiyo haliko nje ya uwezo wa serikali. Kwa maoni yangu, kama Kinshasa na Dodoma, au Kinshasa na Nairobi, wangesaini jambo moja tu kuhusu kazi, lingekuwa hili, kabla ya hotuba yoyote ya undugu. Mpaka hapo, dai namba yako ya CNSS, tunza kila karatasi ya mshahara, na uulize NSSF ya kwenu kama unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari.

Madereva wa malori mko tofauti kidogo. Mmeajiriwa na kampuni za nyumbani na Kongo mnapita tu, hivyo kwa kawaida mkataba wenu na fidia yenu viko chini ya sheria ya kwenu. Dereva wa Tanzania amwombe tajiri uthibitisho kwamba anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na auweke ndani ya gari pamoja na pasipoti.

Watanzania na Wazambia wana konseli hapahapa Lubumbashi. Wakenya na Waganda balozi zao ziko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500. Jiandikishe ukifika, siyo ukipatwa na shida. Malalamiko ya mishahara yakipelekwa kwa maandishi, yenye tarehe na nakala za mikataba, konseli ina kitu cha kuweka mezani pale Tume ya Pamoja ya Kudumu, yaani kikao cha serikali ya kwenu na ya Kongo, inapokutana. Vyama vyetu vya hapa viteue mtu mmoja wa kuyakusanya, awe anajua Kifaransa, na orodha ipelekwe kabla ajenda ya kikao haijafungwa.